Ile Mashine ya Sumaku ya Mgongo wa Farasi, Inaeza Saidia Punda Wako Manyatta?

Labda umeona hio vidi: farasi amesimama zake, amevalishwa blanketi lenye nyaya ndani, macho yamelegea ka msee ametoka kumaliza ugali na mbuta. Hio inaitwa PEMF, yaani tiba ya mapigo ya sumaku-umeme. Huko majuu, wenye farasi wa mbio na polo huitolea doh mob. Sasa wewe unapeleka maji Manyatta na punda, na siku hizi mgongo wake unamsumbua. Swali lako ni moja: hio kitu inafanya?

Ndani ya blanketi kuna koili za waya. Stima inapita, inakatika, inapita tena, na kila pigo linazaa sumaku inayopenya ngozi bila sindano wala kisu. Sumaku inayobadilika hivyo huamsha umeme kidogo sana ndani ya nyama. Ni kanuni ile ile Michael Faraday alionyesha 1831, na ndiyo inatupea stima kule Sondu Miriu. Bangili ya sumaku ya kuuziwa stendi haibadiliki, kwa hivyo usichanganye hizo mbili.

Kwa mifupa ya binadamu kuna msingi: Marekani iliidhinisha mashine za aina hii 1979 kwa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Mgongo wa farasi ni stori ingine. Utafiti wa 2014 ulichukua farasi wa polo wenye maumivu ya mgongo, wengine wakapewa tiba yenyewe, wengine feki, na waliowapima hawakujua nani ni nani. Tofauti ya maana haikuonekana. So mtu akikwambia inaponya kila kitu, shikilia mfuko.

Halafu kuna hii: hata ingefanya, kesho asubuhi punda anarudi kwa mkokoteni ule ule.

Piga hesabu. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, na mkokoteni wenyewe hujauweka. Ukirundika mitungi mbele, mikono ya mkokoteni inakandamiza mgongo. Ukiirundika nyuma, mikono inainuka na mkanda wa tumbo unamkaba. Mzigo unafaa kukaa juu ya ekseli, hivi kwamba ukishika mikono mwenyewe unaibeba bila kung'ang'ana. Tairi zijae upepo. Kamba ya nailoni moja kwa moja kwa ngozi ni noma. Weka pedi nene na safi, yenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe.

Punda huficha maumivu kushinda farasi, kwa hivyo usingoje apige kelele. Simama kando ya bega, usikae nyuma yake, kisha pitisha vidole kwa kukaza kidogo pande zote mbili za uti, kutoka mabegani hadi kiunoni. Akishtuka, akilaza masikio ama akizama mgongo, mfungulie apumzike na uite daktari wa mifugo. Dawa za maumivu za watu usimpe, omera. Na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa ama kumzidishia mzigo ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

Kumpoteza pia si mchezo. Vichinjio vya punda vilivyofunguliwa kuanzia 2016 kwa sababu ya soko la ngozi China vilikula punda wengi sana hii Kenya, na wizi ukapanda. Umoja wa Afrika ulipiga breki biashara hio Februari 2024.

Ukiona miguu ya nyuma inayumba, anakokota kwato ama hawezi kuinuka, hio si misuli tu. Daktari aje siku hio hio.