Nani aliwaua simba wa Serengeti? Miaka 30 ya ubishi kuhusu mbwa, kupe na ukame

Februari 2026 imetimia miaka 30 tangu jarida la kisayansi la Nature lichapishe makala iliyotaja kilichowaua simba wa Serengeti mwaka 1994. Mijini habari hiyo imeshasahaulika. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi haijasahaulika, maana mbwa wa huko ndio waliobebeshwa lawama, na wataalamu wamebishana juu ya lawama hiyo kwa miaka mingi.

Simba wa Serengeti wamekuwa wakichunguzwa tangu 1966, alipoanza kazi hiyo George Schaller. Kuanzia 1978 iliendelezwa na Craig Packer, mtafiti kutoka Marekani. Kila simba alitambuliwa kwa vidoa vya kwenye mashina ya sharubu zake, kwani hakuna simba wawili wenye mpangilio mmoja. Damu iliyotolewa kwa simba waliopigwa sindano ya usingizi iligandishwa na kutunzwa. Damu hiyo ndiyo iliyokuja kuibua ubishi wote.

Mapema mwaka 1994, watalii waliokuwa angani kwa puto walimwona simba dume akigaragara chini kwa degedege. Punde wakaonekana wengine. Simba aliyeugua alitikisika mguu au shavu bila kukoma, kisha akaangushwa na kifafa, na wengi hawakuinuka tena. Waliopasuliwa baada ya kufa walikutwa na uvimbe wa ubongo na homa ya mapafu. Ugonjwa ulivuka mpaka hadi Maasai Mara nchini Kenya, ukakumba pia fisi, chui na bweha masikio ambao idadi yao haikuhesabiwa. Kati ya simba wapatao 3,000 wa Serengeti, takriban 1,000 walipotea.

Daktari wa wanyama Melody Roelke-Parker, aliyekuwa akihudumia hifadhi za taifa, ndiye aliyekusanya sampuli. Majibu ya maabara yaliwashangaza wengi: ilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi uliojulikana kuwa wa mbwa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba jamii ya paka haidhuriki nao. Imani hiyo ilikuwa imeanza kutikisika mwaka 1992, simba, chui na chui milia walipokufa kwa distempa wakiwa kifungoni huko California. Lakini kuona virusi hivyo vikiua simba porini, tena kwa mamia, lilikuwa jambo jingine kabisa.

Virusi vya simba vilipolinganishwa na vya mbwa wa kufugwa vilionekana kuwa ndugu wa karibu. Hadi Agosti 1994, asilimia 85 ya simba wa Serengeti walikuwa na kingamwili za distempa. Kati ya waandishi 15 wa makala ile yamo majina ya Watanzania Mwamengele, Mgasa na Machange. Ni aibu kwamba mara nyingi habari hii inaposimuliwa hutajwa Wamarekani na Waingereza tu, nao hawatajwi.

Kufanana huko kwa virusi ndiko kulikowatia mbwa hatiani. Eneo la magharibi mwa hifadhi, wanakoishi Wakurya, Waikoma na Wasukuma, lilikuwa na mbwa wengi waliokuwa hawajachanjwa. Kuwachanja simba wenyewe kulizua hofu, kwani chanjo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zenye virusi hai, zimewahi kuwaua wanyama wa jamii nyingine. Ikaonekana njia nyepesi ni kuwachanja mbwa. Mtafiti Sarah Cleaveland na wenzake wakaanza kuzunguka vijijini wakichanja dhidi ya kichaa cha mbwa, distempa na parvo.

Kisha ikafunguliwa ile damu ya zamani, na mambo yakageuka. Kingamwili zilionyesha kwamba distempa ilikuwa imewapitia simba hao mara kadhaa bila mtu kuona hata mmoja akiugua. Mwaka 2008, Linda Munson wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na Packer na wenzao, walieleza kwamba kati ya 1976 na 2006 kulikuwa na milipuko isiyopungua mitano iliyopita kimya. Mingine miwili tu ndiyo iliyoua kwa wingi, wa 1994 Serengeti na wa 2001 katika Kreta ya Ngorongoro.

Sababu waliiona kwa nyati. Miaka hiyo miwili ilitanguliwa na ukame mkali. Nyati walikonda, wakajaa kupe, wakafa ovyo, na simba wakala mizoga hiyo hadi kushiba. Kupe hueneza babesia, vimelea vinavyoharibu chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida simba huishi navyo bila shida, lakini distempa inapodhoofisha kinga ya mwili, babesia hupanda na kumlemea. Ukame, kupe na virusi viliua pamoja.

Je, mbwa wameachiwa huru? Si kabisa. Utafiti wa mwaka 2015 ulioongozwa na Mafalda Viana, uliotumia kumbukumbu za miaka 30, ulionyesha kwamba zamani mbwa waliwaambukiza simba, lakini baadaye virusi viliendelea kuzunguka hata mbwa walipochanjwa. Huenda kuna wanyamapori wengine wanaovihifadhi.

Simba wa Serengeti walizaana upya na kurudi katika idadi yao ndani ya miaka michache. Walioendelea kuhitaji msaada ni wanavijiji. Kampeni zilizozaliwa na vifo vya simba zilipunguza kichaa cha mbwa kwa binadamu, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matunda makubwa kuliko yote. Hata hivyo, kazi hiyo imetegemea mno miradi ya watafiti na fedha za wafadhili. Nchi inayovuna fedha za watalii wanaokuja kumtazama simba haipaswi kungoja mfadhili ili kumchanja mbwa wa mchungaji anayepakana naye. Halmashauri zinazozunguka Serengeti zitenge fungu la chanjo kila mwaka, na mwenye mbwa ampeleke siku chanjo inapotangazwa.