Kusema Kweli kwa Upendo: Mafundisho kutoka Historia Yetu



Wapendwa taifa la Mungu, wahenga wetu walituachia usemi kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Usemi huu tunautumia mara nyingi, na pengine tunautumia vibaya. Yupo anayemwaibisha jirani yake mbele ya watu, kisha akajikinga kwa usemi huo kana kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma. Na yupo anayeliona kosa mwaka mzima, akanyamaza, akajifariji kwamba ananyamaza kwa ajili ya upendo na amani. Wa kwanza ameushika ukweli akauacha upendo. Wa pili anadhani ameushika upendo, ilhali amemwacha ndugu yake apotee. Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso (Efe 4:15), hatupi nafasi ya kuchagua kimoja. Anataka tuushike ukweli katika upendo, na kwa njia hiyo tukue hadi kumfikia Kristo aliye kichwa.

Juma hili tumeona vema tulitafakari fundisho hilo kwa kuitazama historia yetu wenyewe, sisi watu wa Afrika Mashariki na wa jiji hili la Dar es Salaam. Maana neno la Mungu halikuishia Efeso. Limepita pia Namugongo, Pugu na Magomeni.

Tuanze na Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1885, Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Katika ikulu ya Kabaka alikuwepo Mkatoliki mmoja kijana, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa msimamizi wa watumishi wa nyumba ya mfalme. Huyu alimwambia Kabaka waziwazi kwamba si haki kumwua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Alikuwa pia akiwakinga vijana wa ikulu dhidi ya maovu ya mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa, akawa Mkatoliki wa kwanza kati ya wale Mashahidi tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni.

Tuangalie mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, Yosefu hakumsema Kabaka pembeni. Alikuwa mtumishi wake wa karibu, na alimwambia yeye mwenyewe. La pili, mapokeo yanatusimulia kwamba kabla ya kukatwa kichwa alimtuma mnyongaji ampelekee Kabaka ujumbe: kwamba amemhukumu bila haki, kwamba anamsamehe kwa moyo wote, na kwamba anamsihi atubu. Hakulipunguza kosa la mfalme ili aonekane mpole, wala hakuuzuia msamaha ili aonekane shujaa. Yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja, kwa sababu alitaka mfalme wake aokoke.

Sasa turudi nyumbani. Pugu, kwenye vilima vya nje ya jiji letu, ndipo Wabenediktini walipoanza kituo chao mwaka 1888, na Januari 1889 kikashambuliwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Ndipo baadaye lilipojengwa lile Chuo la Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwaka 1952. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akiwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiomba taifa lake litayarishwe kujitawala. Aliporudi alitakiwa achague: kufundisha au siasa. Alijiuzulu ualimu, akapoteza mshahara huku akiwa na familia changa.

Wengi wetu, tukiumizwa kidogo tu na mtu wa Kanisa, tunaacha kwenda kusali. Mwalimu hakulikimbia Kanisa. Mwaka huohuo, akiwa kwao Musoma, alimfundisha padre mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki ili aweze kuwahubiria watu Injili. Kisha akarudi Dar es Salaam kuendelea na kazi ya TANU, na nyumba yake ya Magomeni imehifadhiwa hadi leo kama kumbukumbu ya miaka ile ya harakati.

Mwaka 1958 aliandika katika Sauti ya TANU akiwashutumu wakuu wa wilaya wawili kwa kuwatendea watu isivyo haki. Serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa kashfa. Mahakama ilimtia hatiani, ikamtaka alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa faini. Hatuko hapa kuifungua upya kesi hiyo. Linalotufundisha ni kwamba shutuma zile alizikubali kuwa zake, akasimama mbele ya hakimu kuhojiwa juu yake. Ni tofauti iliyoje na karatasi zisizo na jina zinazosukumwa chini ya mlango wa ofisi ya parokia usiku, au ujumbe wa simu unaopita mkono hadi mkono bila mtu wa kuulizwa! Anayesema kweli kwa upendo yuko tayari kuulizwa, na yuko tayari pia kuambiwa kwamba amekosea.

Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwemo ile ya kusema kweli daima na kuikataa fitina. Wazee wa parokia zetu bado wanaikumbuka kwa moyo. Mambo hayo mawili hayakuwekwa pamoja bure. Fitina si lazima iwe uongo. Inaweza kutumia maneno ya kweli tupu, ila ikayapeleka kwa mtu asiyehusika, kwa nia ya kubomoa. Ukweli uleule, ukipelekwa kwa mhusika kwa nia ya kumjenga, ni tendo la huruma. Kanisa limelihesabu tangu zamani kati ya matendo ya huruma ya kiroho: kumwonya mkosefu.

Mwaka 1962, baada ya kuuacha uwaziri mkuu ili akijenge chama, Mwalimu aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Ndani yake aliwaonya wanachama wenzake juu ya ugonjwa wa kuyapima maneno kwa kumtazama aliyeyasema badala ya kutazama kama ni kweli. Ukweli, alifundisha, hauna upendeleo wa cheo wala wa urafiki. Na jina lenyewe la kijitabu lina fundisho: hakusema "wajisahihishe". Alijihesabu mmoja wao.

Lakini haki inatudai tuseme na upande mwingine, maana haifai kuandika juu ya ukweli huku tukiuficha. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na katika miaka iliyofuata wapo waliokaa ndani kwa sheria hiyo. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, wengi walihamishwa kwa nguvu. Kusema kweli ukiwa mnyonge ni kugumu; kusikiliza kweli ukiwa mkubwa ni kugumu zaidi. Hata hivyo, tukumbuke pia kwamba mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuvunjwa kwa serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa, na kwamba kama angeanza upya asingelirudia. Mwaka uliofuata aling'atuka. Mwaka 2005 alitambuliwa kuwa Mtumishi wa Mungu. Anayeombewa kutangazwa mwenye heri si mtu asiyewahi kukosea, bali mtu aliyejua kusema, "Hapa nilikosea."

Na Kanisa lake alilitendea vivyo hivyo. Oktoba 1970 alialikwa na watawa wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma na litapoteza maana kwa watu. Maneno hayo yalikuwa makali. Lakini aliyeyasema alikuwa mtoto wa nyumbani, mtu wa Misa ya kila siku, akizungumza na watawa ambao shirika lao lilikuwa likifanya kazi kwao Musoma. Waliweza kuyapokea kwa sababu walijua analipenda Kanisa alilokuwa akilionya.

Ndugu wapendwa, historia hii inatugusaje sisi tunaoishi pembezoni mwa jiji, kuanzia Mbagala na Yombo upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni? Inatugusa kila juma, katika jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 walizifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji. Zilikusudiwa ziwe mahali ambapo Mkristo anajulikana kwa jina na kwa mlango wa nyumba yake. Je, ndivyo zilivyo? Mhazini anasoma hesabu za mchango wa ujenzi, anauliza kama kuna swali, wote wanasema hakuna. Baada ya sala ya kufunga, maswali yote yanaulizwa njiani, gengeni na ndani ya daladala. Mwenye hesabu zake ndiye pekee asiyeyasikia.

Wala sisi mapadre hatuna pa kujificha. Hatuna budi kukiri jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita, katika homilia, tulikemea tabia ya kukaa na fedha za watu. Hatukutaja jina, lakini kanisa zima lilijua kwamba tunamsema mwanakwaya mmoja aliyekuwa amekusanya fedha za sare na hakuzifikisha. Tulichokisema kilikuwa kweli. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata. Miezi ilipita ndipo tulipokwenda kwake. Tukakuta kwamba fedha zile zilitumika hospitalini kwa mtoto, na kwamba alikuwa ameshaanza kuzirudisha kidogo kidogo kwa mwenyekiti wa kwaya. Hakutulaumu kwa maneno mengi. Alitukaribisha kiti, akasema tu, "Baba, kwangu mlikuwa mnapajua."

Neno hilo tumelibeba hadi leo. Alikuwa amekosa, na alistahili kuonywa. Lakini Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo (Mt 18:15-17), ameweka utaratibu: kwanza nenda kwake, ninyi wawili peke yenu, akikataa, chukua mmoja au wawili, akikataa tena, ndipo uliambie Kanisa. Sisi tulianzia mwisho. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi (2 Sam 12) alikwenda hadi mbele yake, akamsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake, hata mfalme akajihukumu mwenyewe. Sisi tulikuwa na mimbari na kipaza sauti, tukasahau kwamba tulikuwa na miguu.

Ndugu yule amerudi kanisani. Hukaa viti vya nyuma. Kwaya hajairudia, nasi tunajua sababu.

Basi, kabla ya kusema neno gumu, tujiulize maswali matatu. Je, nina hakika, au nimesikia tu? Je, ninamwambia mhusika, au ninawaambia wengine kumhusu? Je, ninataka apone, au ninataka aone haya? Na tukishajibu, tusikae kimya, maana ukimya nao huua. Mficha maradhi, kifo humfichua. Kwa wale miongoni mwetu wenye vyeo, kuanzia paroko hadi mwenyekiti wa jumuiya na baba au mama wa nyumba, tuongeze swali la nne: je, yupo mtu anayeweza kuniambia kweli bila kuogopa? Kama hayupo, kosa la kwanza la kusahihisha ni hilo.

Juma hili kila mmoja wetu achague mlango mmoja anaoujua na ambao amekuwa akiupita, aende akabishe hodi.

Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, utuombee tupate moyo wa kusema na moyo wa kusamehe. Mungu awabariki nyote.