Tarehe ya Mafundi wa Tovuti Chini ya Mlima Elgon

Anayetaka kuandika tarehe ya ufundi wa programu za kompyuta katika Kenya, kaida yake ni kuanzia Nairobi, barabara ya Ngong, mahali kilipofunguliwa kituo cha mafundi cha iHub mwezi wa Machi 2010. Na wengi walioiandika wameanzia pale wakaishia pale, kana kwamba ardhi iliyo magharibi ya Nakuru haina ila mahindi na maziwa. Sina ugomvi na iHub, maana ilifanya kazi njema na sifa zake ni za haki. Walakini sisi tulio upande huu wa Mlima Elgon, wa Kibomet na Kitale mjini, wa Kimilili, Webuye na Bungoma, tuna silsila yetu, nayo imeitangulia ile ya barabara ya Ngong kwa takriban miaka tisa.

Chimbuko lake ni Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, kituo cha afya cha mashambani ambako mwezi wa Februari 2001 zilianza kufanya kazi kompyuta mbili zilizounganishwa, zikisaidiwa na betri na nguvu za jua kila umeme ulipokatika. Ulikuwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na miongoni mwa walioushughulikia walikuwa Joseph Rotich, William Tierney, na Terry Hannan, tabibu wa Australia. Mgonjwa alipofika aliandikishwa na karani, akapewa karatasi, akazunguka nayo kwa muuguzi, kwa tabibu, maabara na chumba cha dawa, kisha akairudisha kwa karani yule yule, ambaye aliyatia yote yaliyoandikwa katika programu ya Microsoft Access. Ulipofanywa utafiti baadaye, ilidhihirika kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22. Na yeyote aliyewahi kuketi katika benchi la zahanati tangu alfajiri hadi adhuhuri anaijua thamani ya hesabu hiyo.

Mpango wa AMPATH, uliotokana na ushirika uo huo, ulipoanza kutibu UKIMWI na kufungua kliniki moja baada ya nyingine, hata Webuye na Kitale zikawa miongoni mwazo, wagonjwa walizidi kiasi ambacho programu ile ndogo haikuweza kukihimili. Mwanzoni mwa 2004 walifika Eldoret matabibu wawili kutoka Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, wakaiona hali ilivyo; na mwaka huo huo, katika mkutano wa San Francisco, wakakutana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa akihangaika na shida iyo hiyo katika Peru na Haiti. Badala ya kila upande kujenga chake na kukifungia kabatini, walikubaliana kujenga kimoja, na msimbo wake kuuacha wazi kwa kila mwenye kuutaka. Ndiyo asili ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwezi wa Februari 2006, ikafuatia Rwinkwavu katika Rwanda mwaka huo huo.

Hapa sharti nikawie kidogo, kwa kuwa hekima ya jambo lenyewe imo katika mpangilio wake. Programu nyingi za zamani zilikuwa na jedwali lenye safu ya kila swali: safu ya homa, safu ya uzito, safu ya kikohozi, na siku tabibu alipotaka kuuliza jambo jipya, hakuwa na budi kumngoja fundi aje abomoe jedwali na kulijenga upya. Wale wa OpenMRS waliweka kamusi ya maana kando, kila jambo linaloweza kuulizwa likawa ni ingizo katika kamusi hiyo, na jedwali la majibu likabaki lile lile moja, liwe la kifua kikuu au la uzazi. Kliniki ya Kitale iliweza kuongeza swali bila fundi kugusa hata mstari mmoja wa msimbo. Nimewasikia mafundi wakiusifu mpangilio huu na wengine wakiulaumu kwa uzito wake katika kutoa ripoti, na nadhani pande zote mbili zina haki.

Katika miaka hiyo, kijana wa Kitale au Bungoma asiye mwana wa chuo kikuu alikuwa na madrasa moja tu, nayo ni saiba, alikolipa kwa dakika na kuitazama saa kuliko alivyomtazama mwalimu aliyemo ndani ya kioo. Kivinjari humruhusu kila mtu kufungua chanzo cha ukurasa anaousoma na kuona ulivyofumwa, na kwa njia hiyo lugha ya HTML, iliyotungwa na Tim Berners-Lee, ilijifundisha yenyewe bila ada ya shule. Notepad ilitosha kuandikia. FrontPage na Dreamweaver zilikuwa za wenye haraka. Baadaye ikaja XAMPP, ambayo iliigeuza kompyuta moja kuwa seva, PHP na hifadhidata ya MySQL zote zikiwa ndani yake, hata mtu akaweza kujenga tovuti nzima bila intaneti.

Mwezi wa Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi na uwanja wa maonyesho wa Kitale umejaa wakimbizi, Ory Okolloh alitoa wito wa kuwekwa ramani ya maovu yaliyokuwa yakitendeka, na David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakawa miongoni mwa walioitikia. Tovuti ya ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ilijengwa kwa siku chache, kisha msimbo wake ukaachwa huru. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Na mwaka uo huo kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa. Kilifungwa kwa madeni, si kwa nyaya. Walakini mwandishi wa tarehe hawezi kuuandika mwaka mmoja bila kuyaona yote mawili.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio, nami nitayapitia kwa mbio. GitHub, ghala la msimbo, na Stack Overflow, baraza la maswali ya mafundi, zilizaliwa 2008, Node.js 2009, Chuo Kikuu cha Kibabii cha Bungoma kilipata hati yake 2015, mwaka ambao pia ilitoka Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, na 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango ambao kupitia kwake fundi wa popote aliweza kuiunganisha tovuti yake na M-Pesa. Kwa dukawala wa Kitale hilo la mwisho lilikuwa na manufaa kuliko yote yaliyotangulia.

Ama jumuiya za mafundi, zinatofautiana tabia. Stack Overflow ilikuwa kali: aliyeuliza lililokwisha kuulizwa alifungiwa swali lake bila taadhima, na wengi wa huku, ambao Kiingereza chao ni cha shule, walijeruhika wasirudi tena. Mimi naona ukali ule ulizidi, ingawa ulituachia hazina ya majibu safi. OpenMRS walishika mwendo mwingine: kazi ndogo ndogo hutengwa kwa ajili ya wageni, na mafundi hupandishwa vyeo kwa kadiri ya mchango wao, cheo cha chini kabisa kikiitwa /dev/null, yaani mahali ambapo kila kinachotupwa hupotea, mzaha ambao fundi huucheka na mgeni hutaka kuelezwa.

Tangu kutokea ChatGPT mwishoni mwa 2022, maswali ya Stack Overflow yamepungua sana. Kijana wa leo huiuliza mashine faraghani, hujibiwa papo hapo, na hashutumiwi na mtu. Simlaumu. Lakini jibu hilo hubaki kwake peke yake, ilhali la zamani lilibaki hadharani, likamfaa wa Kibomet aliyekwama pale pale miaka mitano baadaye. Msimbo wa OpenMRS bado uko wazi, na sura yake mpya ya kivinjarini imenufaika na kazi ya mafundi wa AMPATH wa Eldoret. Faili la mgonjwa ni siri, na halina budi kuwa siri. Bali programu inayolihifadhi, mwana wa mgonjwa huyo aweza kuifungua usiku huu kwa bando la shilingi chache, akaisoma mstari kwa mstari, na akiona kosa akapeleka sahihisho.