Umeacha mkorogo, sasa limao: asidi ya matunda imetoka wapi mpaka kufika usoni kwako?

SEHEMU YA 1

Swali linalonijia zaidi kwenye simu siku hizi ni hili: "Nesi, mkorogo nimeacha, sasa natumia vya asili. Limao nikae nalo usoni dakika ngapi ndio uso ung'ae?" Sitalijibu kwa dakika. Nitalijibu kwa historia, kwa hiyo vuta kiti.

Kwanza hongera kwa kuacha mkorogo. Tena wala hukuwa wa kwanza kuingizwa humo. Mwaka 1939 huko Marekani ilichapishwa taarifa ya wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama ambao mikono yao ilipoteza rangi. Chanzo kilikuwa glovu za mpira walizovaa, ambazo zilikuwa na kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni. Ilikuwa ajali ya kazini, lakini wapo walioona biashara. Baadaye haidrokwinoni yenyewe ikaingia kwenye krimu za uso, ikauzwa sana Afrika Kusini, ikapanda mpaka huku kwetu. Zebaki ilikuwa imeshatangulia.

Hapa Tanzania serikali na chama hawakukaa kimya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam, marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Ugomvi ulikuwa wa heshima na utamaduni wa taifa, na waliosumbuliwa mitaani walikuwa wanawake. Mimi kama nesi naona hapo tulipoteza nafasi. Krimu iliwekwa kapu moja na sketi fupi, kana kwamba zote ni mambo ya mitindo tu. Sketi fupi haiharibu figo.

Miaka michache tu baadaye, mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanapaka krimu zenye zebaki. Soma tena sentensi hiyo. Kitu ulichopaka shavuni kinapatikana kwenye figo, na kwa mjamzito kinamfikia mtoto tumboni.

Sheria yetu ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilikuja mwaka 2003. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vikapigwa marufuku. Tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS. Lakini sisi ni watu wa mpakani, makopo yanapita na wewe unajua yanapitaje, sina haja ya kueleza.

SEHEMU YA 2

Basi watu wakachoka kuungua, wakakimbilia matunda. Wazo hilo si la kijinga, lina mizizi yake.

Kuna mfamasia wa Sweden aliyeitwa Carl Wilhelm Scheele. Mwaka 1780 alitenga asidi kutoka kwenye maziwa yaliyochacha. 1784 akapata chembe za asidi ya limao, ile tunayoiita sitriki. 1785 akaipata nyingine kwenye matufaa. Habari za uso wa mtu hazikumhusu hata kidogo, yeye alikuwa anatafuta kujua uchachu ni kitu gani. (Ile hadithi ya Malkia Kleopatra kuoga maziwa ni simulizi tu, usiiwekee pesa.)

Zikapita karibu miaka mia mbili. Mwaka 1974 daktari wa ngozi Eugene Van Scott na mtafiti mwenzake Ruey Yu, huko Philadelphia, walichapisha matokeo yao kuhusu wagonjwa wa ngozi ya magamba, ule ugonjwa wa kuzaliwa ambao ngozi inakauka na kupandana kama ya samaki. Walitumia asidi za jamii hii: ya miwa, ya maziwa, ya matunda. Magamba yakalainika na kuachia.

Inavyofanya kazi, fikiria mgomba. Magamba ya nje yanakauka lakini yanabaki yameshikilia shina. Ngozi yako nayo juu kabisa ina seli zilizokufa, zimeshikamana. Asidi inalegeza ule mshiko, zinadondoka, chini unakuta ngozi laini ambayo mwanga unaipiga vizuri. Huko ndiko kung'aa. Rangi yako uliyozaliwa nayo haijaguswa. Kwa hiyo anayekuahidi weupe kwa tunda ama hajui, ama kwenye kopo lake mna kingine.

Papai na nanasi ni habari tofauti kidogo. Nguvu yake kubwa ni vimeng'enya vinavyokula protini, ndiyo maana papai bichi linalainisha nyama ngumu na nanasi likizidi linachoma ulimi. Usoni napo kuna nyama.

SEHEMU YA 3

Hapa nataka tukae. Van Scott na Yu walitumia dawa iliyopimwa. Asidi hizi zilipoenea kwenye vipodozi miaka ya 1990, wataalamu wa Marekani walikaa wakaweka mipaka: kwenye krimu ya nyumbani asidi isizidi asilimia 10, na kipimo cha uchachu, kile cha pH, kisishuke chini ya 3.5. Na mtumiaji akingwe na jua. Mwaka 2005 mamlaka yao ya dawa ikashauri onyo la jua liandikwe kwenye kopo.

Sasa pima limao lako. Asidi yake ni kama asilimia 5 au 6, na hapo ndipo watu wananiambia, "Mbona ni ndogo, nesi?" Ndogo, ndiyo, lakini pH yake iko kwenye 2 na kidogo. Namba ikishuka moja, ukali unapanda mara kumi. Ngozi yako yenyewe iko karibu na 5. Piga hesabu.

Na bado hatujafika kwenye kibaya zaidi. Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali nyingine ambayo si asidi kabisa, inaitwa furokumarini. Ikiwa kwenye ngozi halafu jua likaipiga, inaunguza. Kesho yake unawaka, unatoka malengelenge, kisha linabaki doa jeusi wiki hadi miezi. Ulitaka kung'aa, umepata ramani.

Wamisri waliijua nguvu hii zamani, wakaitumia kwa mmea mmoja unaoota bonde la Nile kutibu mbalanga, yaani kurudisha weusi pale ulipopotea. Miaka ya 1940 Dkt. Abdel Monem El Mofty wa Cairo akaifanya kuwa tiba ya hospitali. Maji ya mto wetu Kagera yanafika huko Nile, na sisi huku juu tunapaka kitu cha ukoo huohuo tukitafuta weupe! Halafu asubuhi tunatoka kwenda kuanika kahawa, jua la karibu na ikweta, na upepo wa ziwa unatudanganya kuwa halichomi.

SEHEMU YA 4

Majibu ya haraka, maana najua umeshachoka kusoma.

Limao na ndimu kula, usoni hapana. Zikikumwagikia mikononi ukikamua juisi, nawa kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Ukihitaji krimu ya asidi, iwe na asilimia iliyoandikwa na alama ya TBS, paka usiku, mchana vaa kofia. Mwenye ualbino asijaribu kabisa, yeye ngozi yake inahitaji losheni ya kukinga jua kama ile inayotengenezwa KCMC Moshi.

Kwa wewe uliyetoka kwenye mkorogo juzi: ngozi yako imekuwa nyembamba, limao juu yake ni kama juu ya kidonda. Na kama ulikuwa na steroidi, ukiiacha ghafla uso unaweza kuvimba na kuwa mwekundu, ukadhani unahitaji kurudia. Usirudie. Njoo kituoni tukupangie namna ya kupunguza, na kama umevimba miguu au macho asubuhi, njoo leo tupime mkojo. Na uje na kopo lenyewe, hata kama lebo umeibandua. Hatutakugombeza.