Mnazi Mmoja: mpaka wa rangi katikati ya Dar es Salaam

Mnazi Mmoja ni ukanda wa ardhi iliyo wazi katikati ya Dar es Salaam, kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba, unaopasuliwa na Mtaa wa Uhuru. Mashariki yake ni maghorofa ya Uhindini, magharibi ni Kariakoo. Siku hizi hutajwa kwa mnara wa Mwenge wa Uhuru na kwa mikutano ya hadhara, na ni nadra kusikia kwamba uliachwa wazi kwa amri ya serikali ili Waafrika na Wahindi wasipakane. Badala yake husemwa kuwa mji ulijigawa wenyewe, kila watu wakakaa na wenzao. Kweli watu wa jamaa moja hupenda kuwa jirani, lakini mapenzi hayo hayahitaji kanuni za ujenzi, mabwana afya na bomoabomoa.

Asili ya mji inajulikana. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla haujasimama. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni ya ujenzi iliyogawa mji kwa kanda. Upande wa bahari ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu, nyuma yake majengo ya vifaa vya kudumu, na mbali zaidi nyumba za miti na udongo. Kabla tu ya vita ya 1914 serikali yao ilinunua shamba la Schoeller, magharibi ya mji, ili iwahamishie Waafrika huko. Vita ikawakatiza. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na shamba hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ambako jina Kariakoo lilitoka.

Kwa hiyo wanaowatwika Waingereza peke yao lawama ya ubaguzi wa makazi wanasahau miaka 25 ya mwanzo. Lakini Waingereza nao walikuwa na tatizo ambalo Wajerumani hawakuwa nalo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ule wa Geneva, na masharti ya udhamini yalikataza kuwabagua raia wa nchi wanachama. India ilikuwa mwanachama. Sheria ya kumzuia Mhindi kukaa Uzunguni kwa sababu ya Uhindi wake ingefika Geneva. Kanuni za mji za miaka ya 1920 zikaandikwa basi bila kutaja rangi ya mtu. Zilitaja nyumba: eneo la kwanza kwa makazi ya mtindo wa Kizungu, la pili kwa makazi na biashara, la tatu kwa nyumba za kienyeji.

Nyumba iliyokusudiwa katika eneo la tatu bado ipo katika vichochoro kadhaa vya mji. Mbele ina baraza, kisha mlango unaoingia kwenye ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kuta zake za kwanza zilikuwa miti na fito zilizokandikwa udongo, paa ni makuti, au madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyooshwa. Mwenyewe alilala chumba kimoja, vingine akapangisha. Ilikuwa nyumba ya akili, rahisi kujenga na yenye kuleta kodi. Kanuni haikumwambia mwenye nyumba hiyo kwamba haruhusiwi kukaa karibu na bahari. Ilimwambia tu kwamba ukuta wake haufai huko.

Walioutetea mpango huu waliutetea kwa hoja ya afya. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyekagua Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, alipendekeza makazi ya jamii yatenganishwe kwa ardhi isiyokaliwa, na maafisa waliendelea kutaja malaria na tauni kwa miaka mingi. Mnazi Mmoja wenyewe unaipinga hoja hiyo. Nyumba za Waafrika zilizokuwa hapo ziliondolewa na wenyewe wakasogezwa magharibi, lakini ukanda uliopatikana haukuwatenga Wazungu na mtu yeyote. Ulisimama kati ya Wahindi na Waafrika. Na huko Uzunguni kwenyewe, maboi, wapishi na mayaya walilala katika vibanda vya uani, hatua chache kutoka dirisha la bwana. Mbu hawakuulizwa kibali. Kilichokatazwa ni Mwafrika kuwa na nyumba yake hapo. Kulala hapo kama mtumishi hakukuwa na shida.

Ukuta peke yake, hata hivyo, usingetosha. Mwafrika mwenye fedha angeweza kujenga kwa mawe. Hapo ndipo hati na mkopo vilipofanya kazi. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliruhusu haki ya kumiliki ya hadi miaka 99, lakini wakazi wa Kariakoo walipewa viwanja kwa vibali vya muda mfupi, na hakuna mtu mwenye busara anayejenga nyumba ya mawe juu ya kibali kama hicho. Sheria za mikopo kwa wenyeji, zilizoelezwa kuwa ni za kuwalinda dhidi ya wafanyabiashara, ziliwafungia mlango wa kukopa kwa yeyote asiye Mwafrika bila idhini ya serikali, na benki zote zilikuwa za wasio Waafrika. Waandishi wanaoeleza tofauti ya nyumba kwa umaskini wa Waafrika wameanza hadithi mwishoni.

Mpaka haukuwahi kuziba kabisa. Kariakoo walikaa Waarabu na Wahindi wenye maduka, na wenye nyumba Waafrika, wakiwamo wanawake wa Kimanyema, walijipatia kipato kizuri kwa kupangisha. Ukingoni mwa ukanda uleule, Mtaa wa New ambao sasa ni Lumumba, chama cha African Association kilijenga ofisi yake, na humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Baada ya vita ya pili ya dunia mji ulipanuliwa kwa mkato uleule: Oysterbay kwa Wazungu, Upanga kwa Wahindi, Magomeni na Temeke kwa Waafrika. Mpango wa 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Alexander Gibb, uliacha hata kuzungumzia aina ya nyumba ukazungumzia msongamano: mdogo, wa kati na mkubwa. Baada ya uhuru umiliki binafsi wa ardhi ulifutwa, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, pigo lililowaangukia zaidi Waasia. Vigogo wa serikali walihamia Oysterbay. Ngazi tatu za msongamano zilibaki katika ofisi za ardhi, na viwanja viliendelea kupimwa na kugawiwa kwazo.