Kabla ya abiria wa kwanza: treni mpya inapimwa namna gani, na sisi wa ziwani tunahusika wapi



Tarehe 26 Februari 2024 treni ya umeme ilitoka Dar es Salaam ikafika Morogoro kwenye reli mpya ya SGR. Ndani walikuwemo viongozi na waandishi wa habari. Aliyeona zile picha angesema kazi imekwisha, watu wakate tiketi. Hapana. Abiria wa kawaida walipanda tarehe 14 Juni 2024. Treni inatembea, reli ipo, umeme upo, na bado watu wakangoja karibu miezi mine. Wanangojea nini?

Hilo swali ni la historia kuliko la ufundi. Ukichunguza kila kipimo kinachofanywa kwenye treni mpya, mara nyingi chini yake utakuta watu waliokufa.

Tuanze na Ufaransa. Tarehe 8 Mei 1842 treni ilikuwa ikirudi Paris kutoka Versailles, watu wametoka kwenye sherehe. Ekseli ya injini ikavunjika, mabehewa yakapandiana, moto ukawaka. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje kwa ufunguo, eti abiria wasiruke ovyo. Watu zaidi ya hamsini wakaungua humo, pamoja na Dumont d'Urville, yule baharia aliyekuwa amezunguka dunia na kufika kwenye barafu za kusini. Kuiponea bahari ya barafu halafu kufia kwenye treni ya matembezi! Ajali ile iliwafanya mainjinia waanze kuchunguza kwa nini chuma kizima kinachoka na kukatika ghafla. Na mlango wa treni ukawa jambo la kupimwa: unafunguka namna gani, nani anaufungua, na mkono wa mtoto ukibanwa inakuwaje.

Miaka michache baadaye Waingereza wakataka treni ipite chini ya ardhi, ndani ya mji wa London. Shida ikawa moshi. Injini ya makaa ndani ya shimo, watu watapumua nini? Inginia John Fowler akabuni injini yenye matofali ya moto: yapate joto nje, halafu ndani ya shimo yaendelee kuchemsha maji bila moto mkubwa. Wakaijaribu mwaka 1861, bila abiria. Ikakosa mvuke, ikashindwa. Watu wakaipa jina la mzimu wa Fowler, wakaiweka pembeni. Njia ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863 kwa injini za aina nyingine, na siku ile moja ikabeba watu karibu 38,000. Mimi naona lile jaribio lililoshindwa lilikuwa jaribio zuri sana. Aibu ilibaki kwa mainjinia, hakuna mama aliyekosa hewa shimoni.

Sasa tuje kwenye breki, au freni kama tunavyosema huku kwetu. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Treni tupu inasimama vizuri, ila ukiijaza watu na mizigo ni kitu kingine kabisa, juu uzito wote ule unaendelea kusukuma mbele. Kwa hiyo mafundi wanapakia mifuko ya mchanga au vyuma vyenye uzito sawa na wa abiria, wanaikimbiza mpaka mwendo wake wa juu (SGR ya Tanzania ni kilomita 160 kwa saa), halafu wanafunga breki na kupima imesimama mita ngapi mbele. Wanarudia kwenye mteremko, wanarudia reli ikiwa imelowa. Baadaye inafuata kazi ya kuchosha: wiki na wiki treni inatembea kwa ratiba kamili, inasimama kila kituo, inafungua milango, na hakuna anayepanda. Dereva anazoea njia, mitambo ya ishara inazoea treni.

Ukiona ni kupoteza wakati, kumbuka Igandu, mkoa wa Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria zaidi ya 1,200 iliharibika ikipanda mlima kwenye reli ya zamani. Breki hazikuishika. Ikaanza kurudi nyuma, kilomita baada ya kilomita, mwendo unaongezeka, mpaka ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Na ile ni reli ileile inayokwenda Kigoma! Babembe wengi waliokimbia vita miaka ya 1990, wakaishi Lugufu na Nyarugusu, wanaijua. Treni ile haikuwa mpya, ndiyo maana naitaja: kupima hakuishi siku ya uzinduzi.

Hata hivyo kipimo hakioni kila kitu. SGR haikumaliza miezi miwili ya kubeba abiria, ikasimama njiani masaa kadhaa, na shirika la reli TRC likaeleza kwamba wanyama walikuwa wamegusa mitambo ya umeme. Watu walicheka sana mtandaoni. Mimi sikuona cha kucheka: treni ilizimika, ikasimama, watu wakashuka wazima.

Sasa rudini ziwani. Mnajua namna boti mpya inavyoanza kazi pwani yetu. Mbao zinapigwa misumari, lami inapakwa, mota inafungwa, na safari ya kwanza inaondoka na watu, magunia ya mihogo na mapipa ya mawese. Mchanga wa kupimia ni sisi wenyewe. Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina la mto wetu, ilizama Tanganyika na zaidi ya watu 120. Oktoba 2024 Merdi ikazama ziwa Kivu, Goma wanaitazama kwa macho, imejaa kupita kiasi.

Meli ya Liemba, ile ya Kigoma, Wajerumani waliiunganisha kwanza kwao Papenburg, wakaifumua, wakaipakia kwenye masanduku, ndipo ikaja kwa bahari na kwa reli. Ikashushwa ziwani mwaka 1915. Ilikuwa meli ya vita na ya wakoloni, siisifu. Lakini hakuna aliyesubiri kufika Kigoma ndipo ajue kama vipande vinaingiana.

Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya Uvinza hadi Musongati liliwekwa Burundi, na mpango wenyewe unataka siku moja kupita Uvira mpaka Kindu. Kindu reli ni ya milimita 1,067, SGR ni 1,435. Swali langu kwa wanaosoma uinginia na sheria kati yenu: treni hiyo ikifika upande wetu, ni ofisi gani ya Congo itakayokuwa na haki ya kusema bado, haijawa tayari, na dereva akatii?