Siku Moja ya Agosti Mjini Roma: Balozi Aliyezikwa Karibu na Hori



Tangu tuliporejea kutoka Jubilei ya Vijana ya mwaka 2025, wengi wenu mmenisimamisha baada ya Misa mkitaka habari za Roma. Za milango mitakatifu na za umati wa Tor Vergata mmekwisha kuzisikia kutoka kwa vijana wenyewe, nao wanazisimulia vizuri kuliko mimi. Juma hili napenda kuwasimulia siku moja tu, ambayo haikuwamo katika ratiba ya hija yetu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Agosti. Siku mbili kabla ya hapo Baba Mtakatifu Leo XIV alikuwa ameifunga Jubilei ile kwa Misa. Vijana wetu walikwisha kupanda ndege, nami nilibaki nyuma kwa kuwa tiketi yangu ilikuwa ya siku iliyofuata. Basi nikajikuta na siku nzima mikononi, peke yangu, bila kundi la kuhesabu vichwa kila tunapovuka barabara.

Nilikuwa pia na swali ambalo halikunipa usingizi mzuri. Mmoja wa vijana wetu, baada ya kuzunguka makanisa manne na kusoma majina mengi yaliyochongwa ukutani, alikuwa ameniuliza: “Padri, hawa wote ni watu wa huku. Sisi tuliingia lini?” Nilimjibu kwa haraka, kama tunavyojibu tunapokuwa na basi la kuwahi, kwamba Kanisa ni moja na halina wageni. Jibu ni la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Nikaamua siku ile niutembee mji kwa ajili ya swali hilo.

Nilianzia ng’ambo ya Mto Tiber, katika mtaa wa Trastevere, asubuhi kabla jua halijawa kali. Anayeijua Roma mwezi wa Agosti anajua kwamba wenyeji wengi huukimbia mji kwenda pwani na milimani. Maduka hufungwa, na katika vichochoro husikii ila maji ya mabomba ya barabarani yanayotiririka usiku na mchana bila kufungwa. Huko liko kanisa la San Francesco a Ripa, linalotunza chumba ambamo, kwa mapokeo, Mtakatifu Fransisko wa Assisi alilala alipokuja Roma, pamoja na jiwe alilolifanya mto wake. Watalii huingia humo kuitazama sanamu ya Mwenye Heri Ludovica Albertoni iliyochongwa na Bernini. Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Papa Yohane XXIII alipomteua Laurean Rugambwa kuwa Kardinali, tarehe 28 Machi 1960, kanisa alilomkabidhi mjini Roma, kama desturi ilivyo kwa kila Kardinali, lilikuwa hilo hilo. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Kijana wa Kihaya, askofu wa Rutabo, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa Kardinali katika nyakati zetu, alipewa kanisa la yule maskini wa Assisi.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga maua aliniuliza nilikotoka. Nilipomwambia habari za Kardinali wetu alinyanyua mikono na kusema kwamba yeye ni mgeni pale, amehamia mtaa ule miaka thelathini tu iliyopita. Tulicheka wote wawili. Nikapiga magoti, nikamkumbuka Kardinali, ambaye mwili wake unapumzika Bukoba, kisha nikaondoka.

Ningeweza kurudi nyumbani na jibu hilo: tuliingia mwaka 1960. Wengi wetu tunaamini hivyo. Lakini siku ilikuwa ndefu bado, na kadiri nilivyozidi kutembea, ndivyo miaka ilivyorudi nyuma.

Nilivuka mto na kufika Piazza di Spagna wakati jua limesimama utosini. Watu walikuwa wamejibanza kila palipokuwa na kivuli. Upande wa kusini wa uwanja ule, mbele ya nguzo ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ambapo Mapapa huja kila tarehe 8 Desemba, lipo jumba la Propaganda Fide. Hiyo ndiyo Idara iliyoanzishwa na Papa Gregori XV mwaka 1622 kwa ajili ya kazi ya kueneza imani, na ambayo tangu mwaka 2022 imeunganishwa katika Idara mpya ya Uinjilishaji. Karibu kila wamisionari tunaowakumbuka katika parokia zetu, pamoja na ruzuku za kujengea makanisa yetu ya kwanza, habari zao zilipita kwa namna fulani katika nyumba hiyo.

Mwaka 1684 alifika mbele ya Idara hiyo mtu aliyeitwa Lourenço da Silva de Mendouça. Alikuwa mlei, Mwafrika mwenye asili ya Angola, wa ukoo wa kifalme, aliyekuja kwa niaba ya vyama vya kidini vya Wakristo weusi. Hakuja kuomba sadaka. Alileta mashtaka. Alieleza jinsi watu walivyonunuliwa na kuuzwa, jinsi watumwa walivyoteswa, na jinsi hata waliobatizwa, pamoja na watoto wao na watoto wa watoto wao, walivyoshikiliwa utumwani milele na Wakristo wenzao. Aliomba Kanisa liseme.

Na Kanisa lilisema. Tarehe 20 Machi 1686, wakati wa Papa Inosenti XI, Ofisi Takatifu ilitoa tamko la kulaani maovu ya biashara ile. Mtu angetamani simulizi liishie hapo. Lakini meli hazikusimama, wafalme Wakatoliki hawakutii, na Brazili, nchi yenye wabatizwa wengi kiasi kile, haikufuta utumwa mpaka mwaka 1888. Wala hatuwezi kusahau kwamba ni Papa Nikola V ambaye, kwa hati za mwaka 1452 na 1455, aliwapa wafalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia watu utumwani. Padri anayezisoma tarehe hizi mbele ya jumba lile hana budi kuzisoma zote. Nilikaa kwenye ngazi yenye kivuli, nikala mkate niliokuwa nao, na sikuwa na haraka ya kuinuka.

Alasiri nilipanda kilima cha Quirinale. Jumba la juu pale lilikuwa makao ya Mapapa hadi mwaka 1870, na leo ni makao ya Rais wa Italia. Sikuingia, nililitazama kutoka uwanjani. Ndani yake kuna ukumbi mkubwa ambao Papa Paulo V aliagiza upambwe kwa michoro, kazi iliyofanyika miaka ya 1616 na 1617. Wachoraji walichora juu ya kuta roshani za kuigiza, na katika roshani hizo wamesimama mabalozi wa mataifa ya mbali waliofika kwa Papa huyo: Mjapani, Waajemi, na kati yao Mwafrika. Huyo Mwafrika ndiye niliyekuwa nikimwendea tangu asubuhi.

Jina lake ni António Manuel Nsaku Ne Vunda, na kwao ni ufalme wa Kongo, ambao makao yake makuu, Mbanza Kongo, leo yamo nchini Angola. Ufalme huo haukuwa mgeni katika imani. Mfalme wake Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, kabla Kolumbo hajang’oa nanga kwenda Amerika. Mjukuu wake, Henrique, aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Baba yake Henrique, Mfalme Afonso I, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata raia zake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Mwaka 1596 Mbanza Kongo, uliokuwa ukiitwa pia São Salvador, ulifanywa makao ya jimbo. Tusiwapambe kupita kiasi: wakubwa wa Kongo nao waliuza mateka wa vita. Lakini walikuwa Wakristo, na walijua kusoma na kuandika barua kwa Papa.

Shida yao ilikuwa hii. Wafalme wa Ureno walikuwa na haki, waliyopewa na Mapapa, ya kupendekeza maaskofu na kuwaruhusu au kuwazuia wamisionari. Hivyo kila padri aliyefika Kongo alipitia mlango wa Mreno. Mfalme Álvaro II alitaka kuzungumza na Baba Mtakatifu bila mtu wa katikati, na mwaka 1604 alimtuma Ne Vunda, jamaa yake.

Safari ile ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Alipitia Brazili, akifuata bahari ile ile iliyokuwa ikiwapeleka watu wake katika minyororo. Maharamia wa Kiholanzi walimnyang’anya alivyokuwa navyo. Alifika Lisbon, kisha Madrid, na huko, kwa kuwa mfalme wa Hispania ndiye aliyetawala pia Ureno wakati huo, alicheleweshwa muda mrefu. Wenzake wengi walikufa njiani. Alipoondoka kwao Papa alikuwa Klementi VIII. Huyo alifariki mwaka 1605, akafuatwa na Leo XI aliyekaa siku zisizotimia mwezi, kisha Paulo V. Balozi alitumwa kwa Papa mmoja, akapokelewa na wa tatu.

Aliingia Roma siku za kwanza za Januari 1608, akiwa mgonjwa sana. Ilikuwa imepangwa apokewe kwa maandamano makubwa siku ya Tokeo la Bwana, na ninyi mnaelewa kwa nini: Warumi walizoea kumwona Mamajusi mmoja mweusi katika picha zao, na sasa walikuwa wamngojee aliye hai. Papa alimpa vyumba katika jumba la Vatikano, na aliposikia kwamba hali ni mbaya akaenda mwenyewe kitandani pake kumbariki. Tendo hilo nalo limechorwa ukutani katika vyumba vya Maktaba ya Vatikano. Ne Vunda alifariki mkesha wa sikukuu. Maandamano yakafanyika siku ya Tokeo la Bwana kama yalivyopangwa, ila yalikuwa ya mazishi.

Walimpeleka katika Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu, na huko ndiko nilikofika jioni ile. Sikuichagua siku kwa bahati. Tarehe 5 Agosti ndiyo kumbukumbu ya kutabarukiwa kwa kanisa hilo. Mapokeo yanasema kwamba katikati ya kiangazi, wakati wa Papa Liberi katika karne ya nne, theluji ilianguka juu ya kilima cha Esquilino kuonyesha mahali pa kujenga. Kanisa lililopo lilijengwa na Papa Sisto III baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, uliomtangaza Maria kuwa Mama wa Mungu. Kila mwaka siku hiyo huangushwa kutoka darini petali nyeupe za maua, mfano wa theluji ile.

Foleni ya mahujaji kuelekea kaburi la Baba Mtakatifu Fransisko, aliyezikwa humo tarehe 26 Aprili 2025, ilikuwa ndefu. Kaburi ni la kawaida kabisa, na jina moja tu, Franciscus. Jirani yake, katika kikanisa kikubwa cha marumaru, amelala Papa Paulo V mwenyewe. Chini ya altare kuu yanatunzwa masalia yanayoheshimiwa kuwa vipande vya hori la Bethlehemu. Ng’ambo ya pili, upande wa kulia, katika sehemu ya ubatizo, iko sanamu ya Ne Vunda, kichwa na kifua, iliyochongwa na Francesco Caporale. Uso ni wa jiwe jeusi. Hakuvalishwa nguo za Kizungu. Amevaa vazi la wavu la wakubwa wa Kongo. Aliyekuja kumletea Mtoto Yesu salamu za mfalme wake amewekwa karibu na hori.

Kwenye Masifu ya Jioni, waliposimama kuimba utenzi wa Bikira Maria, petali zikaanza kushuka. Watoto walizikimbilia. Nami nilisimama nikizitazama, huku nikiwaza juu ya wale waliomzika mtu huyu kwa heshima ya mwana wa mfalme, wakati huo huo Luanda ikijaza meli. Heshima ile ilikuwa ya kweli. Siwezi kusema vinginevyo. Lakini maiti huheshimiwa kwa urahisi kuliko ombi alilokuja nalo. Nilimsalia António sala ya marehemu, na nikamsalia pia Lourenço, ambaye sikuiona sanamu yake popote siku ile.

Petali moja ilibaki katika kitabu changu cha sala. Dominika iliyopita nilimwonyesha yule kijana, nikamweleza kwamba mwaka 1608 tulikuwa tumekwisha kuingia, na kwa maandamano. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Na lile ombi la mfalme, la kuletewa mapadre, lilijibiwa lini?”

Nikamwambia kwamba Wakapuchini waliotumwa na Propaganda Fide walifika Kongo mwaka 1645.

Alihesabu kimya kimya. “Miaka 37 tangu azikwe, Padri,” alisema, akanirudishia petali yangu.